Meli ya Amani ya 1915: Rosika Schwimmer, Henry Ford na mkoba mweusi

Kisa cha meli ya Oscar II kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho cha tajiri. Henry Ford, mtengenezaji wa magari, alikodi meli mwaka 1915 akaenda Ulaya kuzima Vita Vikuu, akashikwa na mafua, akarudi nyumbani. Kikisimuliwa hivyo, aliyelileta wazo lenyewe anabaki pembeni kama mwanamke fulani wa Hungaria aliyemshawishi bwana mkubwa. Jina lake ni Rosika Schwimmer. Alikuwa mwandishi wa habari, mhariri na mpigania haki za wanawake, na siku meli ilipong'oa nanga alikuwa ameshatumia zaidi ya mwaka akibisha hodi kwa mawaziri na marais wa mabara mawili.

Nataka kukitazama kisa hiki kutoka upande wake, kwa sababu swali lake ni gumu kuliko la Ford. Ford alijaribu jambo akaliacha. Schwimmer alikuwa na wazo lenye mantiki, akalikabidhi kwa mtu mwenye jina kubwa ili lisikike, na jina lile likalimeza. Je, alikosea kumfuata Ford? Na kama alikosea, kosa lilikuwa wapi hasa?

Tuanze na alikotoka. Alizaliwa Budapest mwaka 1877 katika familia ya Kiyahudi, akafanya kazi ya kutunza vitabu vya hesabu, na akiwa bado kijana alishaanza kuwaunganisha wanawake wa maofisini kudai haki zao. Mwaka 1904 yeye na Vilma Glücklich walianzisha chama cha wanawake cha Hungaria, Feministák Egyesülete, na kuanzia 1907 akahariri jarida la A Nő és a Társadalom, yaani Mwanamke na Jamii. Muungano wa kimataifa wa kudai kura kwa wanawake ulipofanya mkutano wake Budapest mwaka 1913, Schwimmer alikuwa miongoni mwa waandaaji wakuu. Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka London mwaka 1914 kuwa katibu wa habari wa muungano huo, huku akiendelea kuyaandikia magazeti ya Ulaya.

Kwa hiyo tunaongelea mtu aliyejua habari inavyopikwa. Alijua kichwa cha habari kinavyouzwa, mhariri anavyokata, msomaji anavyochoka. Jambo hilo tuliweke akilini, kwa sababu baadaye litashangaza.

Julai 1914, wiki chache baada ya mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria kuuawa Sarajevo, alikutana na David Lloyd George, waziri wa fedha wa Uingereza, na kumwonya kwamba Austria-Hungaria haitayameza mauaji yale kimya kimya, na kwamba Ulaya iko karibu kuwaka moto. Lloyd George mwenyewe alikuja kulieleza tukio hilo katika kumbukumbu zake za vita. Wakati ule serikali ya Uingereza ilikuwa na shughuli nyingine kichwani. Mwezi uliofuata vita vilianza, na Schwimmer akajikuta London akiwa raia wa nchi adui. Akajiuzulu, akapanda meli kwenda Marekani.

Tarehe 18 Septemba 1914 alikuwa mbele ya Rais Woodrow Wilson, akimwomba aongoze nchi zisizopigana kutoa usuluhishi. Wilson alimpokea kwa adabu, akamsikiliza, hakuahidi kitu. Adabu ya namna hiyo angeizoea. Akatoka hapo akaanza kuzunguka majimbo ya Marekani akihutubia kumbi zilizojaa, mara nyingine sambamba na Emmeline Pethick-Lawrence wa Uingereza: raia wa nchi mbili zinazochinjana, wakisema jambo moja. Januari 1915 wanawake wa Marekani wakaanzisha chama chao cha amani mjini Washington, Jane Addams, mwanaharakati wa huduma za jamii wa Chicago, akiwa mwenyekiti.

Wazo lenyewe

Hapa panahitaji subira kidogo, maana wanaokicheka kisa hiki karibu wote hulipita wazo hili bila kuligusa.

Usuluhishi wa kawaida huanza pale pande mbili zinapokubali kuzungumza, au walau mmoja anapomtuma mtu wa kati. Katika vita vya 1914 hilo halikuwezekana. Serikali iliyotangulia kuuliza habari za amani ingeonekana imeishiwa nguvu, nyumbani kwake na kwa adui. Kila mmoja alimsubiri mwenzake, na wakati wakisubiriana wanajeshi walikuwa wakifa kwa maelfu. Julia Grace Wales, Mkanada aliyekuwa akifundisha Kiingereza Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaandika pendekezo la kulitegua fundo hilo. Nchi zisizopigana ziteue jopo la watu wenye ujuzi. Jopo likae, lisisubiri mapigano yasimame, lisisubiri kualikwa. Lipeleke mapendekezo pande zote kwa wakati mmoja, lipokee majibu, lirekebishe, lipeleke tena, mpaka lipatikane jambo ambalo pande zote zinaweza kulianzia. Hakuna serikali ambayo ingelazimika kutangulia. Hiyo ndiyo hila yake, na ni hila ya akili.

Mpango huo ulipitishwa na mkutano wa wanawake uliofanyika The Hague mwishoni mwa Aprili 1915. Aletta Jacobs, daktari wa Uholanzi, ndiye aliyeuandaa. Walifika wanawake zaidi ya 1,100 kutoka nchi 12, wakiwemo wa Ujerumani na wa Uingereza ndani ya ukumbi mmoja. Waingereza walikuwa wachache mno: wapatao 180 walitaka kuja, lakini Bahari ya Kaskazini ikafungwa kwa usafiri wakakwama. Wamarekani nao walizuiwa kwa siku kadhaa wakiwa ndani ya meli Noordam karibu na Dover. Wafaransa walikataa kuhudhuria kabisa.

Katika maazimio yao lipo moja ambalo msomaji wa huku kwetu atalisoma kwa jicho lake: ardhi isihamishwe kutoka kwa mtawala mmoja kwenda kwa mwingine bila ridhaa ya wanaume na wanawake wanaoishi juu yake. Wakati wanalipitisha, vita ile ile ilikuwa imeshafika Tanga tangu Novemba 1914. Ilipokwisha, Tanganyika ilikabidhiwa kwa Waingereza, na hakuna aliyewauliza wenyeji.

Siku ya mwisho Schwimmer alisimama na kudai kwamba maazimio yasitumwe kwa posta. Wanawake wayapeleke wenyewe, mkono kwa mkono, kwa wafalme na mawaziri wakuu. Baadhi ya wenzake waliona ni kujidhalilisha. Yeye akajenga hoja kwamba wana wanakufa kwa mamilioni, na hatari pekee inayowakabili mama zao wakienda kwa wakubwa ni kuambiwa hapana. Hoja ikapita.

Misafara miwili ikatoka. Addams, Jacobs na wenzao walikwenda London, Berlin, Vienna, Budapest, Roma na Paris. Schwimmer, Emily Balch, Chrystal Macmillan na Cor Ramondt-Hirschmann walielekea Skandinavia, na baadhi yao wakaendelea mpaka Petrograd. Schwimmer hakuingia Urusi, kwa kuwa pasipoti yake ilikuwa ya adui. Majibu yaliyokusanywa yalifanana kwa namna ya ajabu. Karibu hakuna waziri aliyesema anataka amani sasa, ila wengi walisema jopo la nchi zisizopigana likiundwa hawatalipinga. Sazonov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, alitoa jibu la aina hiyo. Sweden ilionyesha iko tayari kuwa mwenyeji iwapo itapata ishara kutoka pande zote mbili.

Karatasi na kumbukumbu za mazungumzo hayo Schwimmer alizitia katika mkoba mweusi, akarudi nazo Marekani kumtafuta Wilson kwa mara nyingine. Wilson, ambaye tangu Wajerumani walipoizamisha Lusitania, meli ya abiria ya Uingereza iliyokuwa na Wamarekani ndani, alikuwa akipima kila neno, hakutaka kujifunga kwenye mpango wa watu wengine. Mlango wa Ikulu ukabaki nusu wazi, nusu umefungwa, na miezi ikapita.

Novemba ya Ford

Katika hali hiyo Ford aliongea na magazeti akasema yuko tayari kuutoa utajiri wake kukomesha vita. Alikuwa ndiye yule aliyewashangaza Wamarekani Januari 1914 kwa kutangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Akisema jambo, lilichapishwa.

Katikati ya Novemba 1915 Schwimmer alifika Detroit, mji wa Ford, na mkoba wake. Kijana mwanaharakati wa amani, Louis Lochner, akajiunga nao. Mambo yakaenda kwa kasi ya kiwanda. Baada ya siku chache walikuwa New York, na Ford alikuwa ameshakodi meli ya kampuni ya Skandinavia, Oscar II. Tarehe 23 Novemba Ford alikwenda Ikulu kumtaka Wilson ateue wajumbe rasmi. Wilson alikataa kujifunga. Kesho yake Ford aliwaambia waandishi kwamba anataka vijana watoke mahandakini ifikapo Krismasi.

Sentensi hiyo ndiyo iliyoua safari, na bado meli ilikuwa haijaondoka. Mpango wa Wales ulikuwa wa miezi na miezi ya kupeleka na kurudisha mapendekezo. Hakuna aliyeuandika au kuupitisha The Hague aliyefikiri ungezaa amani ndani ya mwezi mmoja. Ford alizoea kutangaza bidhaa, na bidhaa ina tarehe ya kuingia sokoni. Kuanzia hapo kila gazeti lilikuwa na kipimo chepesi: Krismasi ikifika na vita vinaendelea, Ford amechemsha.

Meli iliondoka Hoboken, New Jersey, tarehe 4 Desemba, maelfu ya watu wakiwa gatini. Mvumbuzi Thomas Edison na William Jennings Bryan, waziri wa zamani wa mambo ya nje, walikuja kuaga, hawakupanda. Mtani mmoja alileta kindi ndani ya kizimba, na kwa Wamarekani hiyo ni namna ya kusema humu wamo wendawazimu. Jane Addams, ambaye jina lake lingeipa safari uzito, alikuwa mgonjwa, akabaki. Hata kabla ya hapo alikuwa hapendi makelele yake, na alitaka wajumbe wasafiri kimya kimya.

Ndani ya meli kulikuwa na wahubiri, wanafunzi wa vyuo, jaji Ben Lindsey, gavana wa North Dakota, mchapishaji S. S. McClure, mwanaharakati Inez Milholland, na waandishi wa habari zaidi ya 40. Miongoni mwa waandishi hao walikuwamo Elmer Davis, na William Bullitt ambaye baadaye angekuwa balozi wa Marekani Moscow. Chukua waandishi 40 wenye vipaji, wafungie baharini kwa wiki mbili, wape simu ya upepo, na usiwape habari. Watapika wenyewe.

Hawakungoja sana. Tarehe 7 Desemba Wilson alilihutubia Bunge akitaka jeshi liongezwe. Melini baadhi wakataka wasafiri wasaini tamko la kuupinga mpango wake, McClure na wengine wakakataa, na ugomvi wa maneno ukafika nchi kavu ukiwa umeshaitwa uasi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: Ford alikuwa mwenye fedha, Schwimmer mwenye mpango, Lochner mwenye kusukuma mambo, na kando ya Ford alikaa Samuel Marquis, kasisi wake, aliyetaka kwa kila hali kumrudisha nyumbani.

Halafu mkoba. Waandishi walikuwa wamesikia kwamba Schwimmer ana maandishi kutoka serikali za Ulaya. Wakataka kuyaona. Akaahidi kuwaonyesha, baadaye akachukizwa na maneno yao, akaghairi. Kuanzia siku hiyo mkoba ukawa mzaha wa kila siku. Na hapa ndipo naona shida ya kweli ya kisa hiki. Maneno ya mawaziri yalitolewa faraghani. Yalikuwa na thamani kwa sababu hayakuchapishwa: waziri akisoma gazetini kwamba amekubali usuluhishi, atakanusha kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo Schwimmer hakuweza kuyatoa bila kuyaharibu, na hakuweza kuyaficha bila kuonekana tapeli. Mtaji wake wote ulikuwa wa kibalozi, na alikuwa ameubeba kwenda kuuweka sokoni.

Mtu angetegemea mwandishi wa miaka mingi alione hilo mapema. Hakuliona, au aliliona akadhani atalimudu. Pia alianza kuwatendea waandishi wenzake kama maadui, akiwafungia milango na kuwashuku. Baadhi walistahili. Wengi walikuwa vijana waliotumwa kazi, na wangeweza kuelezwa mpango wa Wales kwa kikombe cha kahawa.

Oscar II ilifika Christiania, mji tunaouita sasa Oslo, tarehe 18 Desemba. Ford alikuwa amepata mafua makali baharini, akajifungia hotelini. Alipokutana na waandishi wa Norway aliwaongelea zaidi trekta lake jipya. Siku chache baadaye, kabla ya Krismasi ile aliyoitaja mwenyewe, Marquis alimtoa hotelini usiku akampandisha treni ya Bergen, na kutoka huko meli ya kurudi Marekani.

Msafara haukufa siku hiyo, ingawa simulizi nyingi hukomea hapo. Uliendelea Stockholm, ukaenda Copenhagen, na Januari 1916 ukavuka Ujerumani kwa treni iliyofungwa milango mpaka The Hague. Stockholm ikaundwa kamati ya usuluhishi ya nchi sita zisizopigana: Denmark, Norway, Sweden, Uholanzi, Uswisi na Marekani. Haikuwa na mamlaka ya serikali yoyote, lakini ilifanya kazi iliyokusudiwa. Wakati wa Pasaka 1916 ilitoa wito kwa serikali, mabunge na wananchi wa nchi zinazopigana: Ubelgiji irudishiwe uhuru, mataifa yaamue hatima yao, bahari ziwe huru, silaha zipunguzwe, kiundwe chombo cha kimataifa. Ukiisoma orodha hiyo baada ya kusoma hoja 14 za amani za Wilson za Januari 1918, utaona ni ndugu.

Schwimmer hakuwapo tena wito ulipotoka. Wajumbe walilalamikia namna alivyoendesha mambo peke yake, watu wa Ford walilalamikia gharama, naye akajiuzulu mapema 1916. Mwanzoni mwa 1917 Ford alikata fedha. Safari na kamati vilikuwa vimemgharimu karibu nusu milioni ya dola. Marekani ilipoingia vitani Aprili mwaka huo, viwanda vyake vikatengeneza zana za kijeshi.

Kosa lilikuwa wapi

Wapo wanaosema Schwimmer angefuata ushauri wa Addams, apeleke watu wachache bila mbwembwe. Mimi siafiki. Njia ya kimya ilikuwa imeshajaribiwa tangu Mei mpaka Novemba 1915, na wanawake wenye heshima kubwa kuliko yeye, na ilikomea mezani kwa Wilson. Bila serikali ya kuitisha jopo, kilihitajika chombo cha watu binafsi, na chombo hicho kilihitaji fedha nyingi kwa haraka. Ford alikuwa ndiye mlango pekee uliofunguka.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika masharti ya kuingilia mlango huo. Fedha ilibaki mikononi mwa Ford na wasaidizi wake, siku kwa siku, kwa hiyo mafua ya mtu mmoja yakawa tatizo la kamati ya nchi sita. Meli ya wageni waalikwa ilikodiwa wakati kilichohitajika kilikuwa ofisi Stockholm na mishahara ya mwaka mzima. Na msemaji akawa Ford, mtu asiyeuelewa mpango vya kutosha kuueleza, wakati aliyeuelewa alikaa kabinini akiulinda mkoba. Schwimmer alijua nguvu ya habari kiasi cha kumtafuta mtu maarufu. Alisahau kwamba mtu maarufu ndiye huwa habari.

Gharama aliilipa yeye. Mwishoni mwa 1918 serikali mpya ya Károlyi ilimteua kuwa mwakilishi wa Hungaria nchini Uswisi, mmoja wa wanawake wa kwanza duniani kupewa cheo cha namna hiyo. Waswisi hawakumfurahia, na baada ya miezi michache aliitwa nyumbani. Ukaja utawala wa Kikomunisti wa Béla Kun uliomtenga, kisha wa Horthy uliomtishia uhai, akatorokea Vienna, na 1921 akafika Marekani. Huko alikuta jina lake limetangulia. Wengine walimwita jasusi wa Wajerumani, wengine Bolsheviki, wengine mwizi wa fedha za Ford. Gazeti la Ford, Dearborn Independent, lilikuwa limeanza mwaka 1920 mfululizo wa kuwashambulia Wayahudi, na wakatokea watu wa kusema kwamba chuki hiyo Ford aliipata kwake. Tazama mantiki hiyo: anayechukia ni mmoja, anayelaumiwa ni anayechukiwa. Mwaka 1928 alishinda kesi ya kashfa dhidi ya waliomchafua na kuamriwa alipwe dola 17,000, lakini kazi za kuhutubia na kuandika hazikurudi.

Alipoomba uraia alikutana na swali la 22 kwenye fomu: je, uko tayari kuchukua silaha kuilinda nchi hii? Akajibu kwamba yeye binafsi hatachukua silaha. Alikuwa mwanamke aliyekaribia miaka 50, ambaye hakuna jeshi la Marekani lingemwita. Mahakama ya wilaya ilimkatalia, ya rufaa ikamkubalia, na tarehe 27 Mei 1929 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Oliver Wendell Holmes, askari wa zamani aliyejeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliandika maoni ya kupinga akiungwa mkono na jaji mwenzake Brandeis. Alisema uhuru wa mawazo unaotajwa na katiba ni ule wa mawazo tunayoyachukia, wala si wa wale wanaokubaliana nasi tu. Msimamo wa walio wengi ulitenguliwa mwaka 1946, katika kesi ya mtu mwingine.

Addams alipata tuzo ya amani ya Nobel mwaka 1931, Balch mwaka 1946. Schwimmer alipendekezwa mwaka 1948, mwaka ambao tuzo haikutolewa kwa yeyote, na alifariki New York Agosti ya mwaka huo akiwa hana uraia wa nchi yoyote. Karatasi zake, pamoja na za rafiki yake Lola Maverick Lloyd, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York, na mtafiti anayetaka kujua majibu ya mawaziri wa 1915 yalisemaje anaweza kwenda kuziomba azisome.